Nilimtoa mama Mlolongo nikampeleka milima ya Kathiani: yaliyotupata, na kwa nini hatutoki

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi kwa hii forum ni wa kusoma na kupita. Lakini juzi kuna member aliuliza kama mtu wa kazi ya Mombasa Road anaweza kuhamia mashambani Machakos na asirudi mbio. Majibu yakawa matani matupu. Eti huko ni jua, mawe na nyoka.

Nikasema wacha na mimi nitoe yangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalitokea, hata yale yananiaibisha.

Niite Njoroge. Nafanya kazi kiwanda kimoja Athi River, upande wa kupakia mizigo. Tulikuwa tunaishi Mlolongo, floor ya tatu, mimi na bibi yangu Nyambura. Watoto wetu wawili wako boarding.

Baba alipofariki, mama yangu alikuja kukaa na sisi kutoka Murang'a. Alikuwa ameanza kusahau.

Mwanzo ilikuwa vitu vidogo. Sufuria inaungua, swali moja linaulizwa mara sita. Halafu akaanza kuniita Maina. Maina alikuwa kaka yake, alikufa hata kabla mimi nizaliwe. Daktari akatuambia hii ni dementia, na hairudi nyuma.

Saa mbaya ilikuwa saa kumi jioni.

Ikifika hapo, mama anachukua kiondo chake, kile kikapu cha kusuka, anasimama kwa mlango. "Maina, nipeleke nyumbani. Ng'ombe hawajakamuliwa."

Umwambie hapa ndio nyumbani, anakuangalia kama mwizi.

Siku moja Nyambura alikuwa chini kwa kibanda chake, ni fundi wa nguo. Mama akashuka ngazi akapita nyuma yake. Tulimtafuta masaa sita. Tulimpata katikati ya malori yaliyopaki kando ya barabara, kiatu kimoja hakipo, anauliza kila mtu njia ya kwenda mtoni. Dereva mmoja alikuwa amempa chai. Wengine wote walikuwa wamempita.

Siwalaumu. Hata mimi hupita watu.

Kutoka hiyo siku tukaanza kufunga grill na kufuli kutoka nje, Nyambura akishuka kazini. Asubuhi tukishuka ngazi pamoja, nasikia mama akiitingisha. Ile sauti nilikuwa naenda nayo mpaka kazini.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Si ungemrudisha tu kwao Murang'a?"

Tulimrudisha.

Kaka yangu mkubwa, Irungu, ndiye anakaa kwa boma. Ni mtu mzuri, na amejikaza. Aling'oa kahawa akapanda avocado. Pale nyumba ya mbao ilikuwa, akajenga ya mawe. Akaweka cabro kwa uwanja, akaweka gate. Mama alifika kwa hiyo gate akasimama. "Hapa ni kwa nani?"

Alikaa wiki mbili. Kila jioni kiondo, kila jioni nipeleke nyumbani, na ako kwake.

Irungu akanipigia simu analia. Huyu mtu hakulia hata tukizika baba. "Njoroge, mimi nimeshindwa. Njoo umchukue."

Hapo ndipo nilielewa. Mama alikuwa anatafuta pahali pa zamani sana, kabla yetu sisi. Na huko hakuna gari inaenda.

Basi tukarudi Mlolongo, tukarudi kwa kufuli.

Sasa, kazini niko na rafiki anaitwa Musyoka, dereva wa forklift, mtu wa Kathiani. Dada yake alikuwa analetewa mahari, akatualika kwao. Hatukuwa na mtu wa kubaki na mama, so tukamweka kiti cha mbele kwa Probox ya Musyoka, mimi na Nyambura nyuma.

Mpaka Machakos town mama hakusema neno.

Ukitoka town ukielekea Kathiani, barabara inaanza kupanda. Inajikunja, na kila kona inakufungulia bonde jipya. Terraces zimepangwa kutoka juu ya mlima mpaka chini kabisa: mahindi, maharagwe, migomba kando ya mitaro. Udongo mwekundu. Nyumba imekaa peke yake juu ya ukingo na moshi unatoka jikoni. Na hapa na pale kuna shamba la kahawa la kizamani ambalo mwenyewe hajang'oa.

Mama akanyoosha kidole.

"Pale ni kwa kina Wangari."

Kona ingine. "Huku ndiko tunateka maji." Kona ingine tena. "Kahawa ya huyu imeiva, mbona hawachumi?"

Alikuwa anaongea Kikuyu. Musyoka akaniangalia kwa kioo. "Mama anasema nini?"

Nikamwambia. Halafu akatoa mguu kwa accelerator.

"Basi twende polepole," akasema. "Wacha aone."

Kwa sherehe, wanawake walikuwa wamekaa kwa majani wanachambua maharagwe ya kupika. Mama akaenda moja kwa moja akakaa kati yao kama mtu alikuwa anangojewa. Kulikuwa na mama mmoja mnene, ana sauti ya kuitisha watu mlima mzima, anaitwa Mama Ndinda. Akamsukumia ungo. "Mboso," akamwambia. Hiyo ni maharagwe kwa Kikamba.

"Mboco," mama akamrekebisha kwa Kikuyu.

Wale wanawake wakaanguka kicheko, na mama akacheka pia. Nilikuwa sijasikia mama akicheka karibu mwaka.

Ikafika saa kumi. Nikakaa rada, macho kwa mama. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Jua likageuka rangi kwa milima, mama bado anachambua, amevua viatu, miguu ameinyoosha kwa nyasi.

Nilienda nyuma ya nyumba nikajifanya napiga simu.

Tukirudi Mlolongo nikamwambia Nyambura tuhame. Hakufurahi, na wakuu, alikuwa na haki.

"Unataka tuhame juu ya siku moja?"

"Lakini si uliona saa kumi?"

"Niliona. Lakini customers wangu wako hapa. Huko nitashonea nani, mbuzi?"

Tukaongea hiyo maneno wiki nzima. Mwisho akasema miezi mitatu, halafu tuangalie. Kibanda akamwachia rafiki yake, cherehani tukaibeba.

Irungu naye akapiga simu. "Mama amezaa vijana wawili, halafu akae nyumba ya kukodi Ukambani? Watu watasema nini?"

Nikamwambia tu, "Kuja uone."

Nyumba ilikuwa ya mjomba wa Musyoka. Vyumba viwili, jikoni ya nje, tanki ya maji ya mvua, imekaa juu ya ukingo. Asubuhi unafungua mlango, bonde lote limejaa ukungu mweupe na vichwa vya milima vimetoka juu yake. Siku ikiwa safi kabisa kuna mlima unaonekana mbali sana upande wa kaskazini. Mimi nadhani ni Kilimambogo. Mama anasema ni Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na anausalimia. Sijawahi kumbishia.

Wiki ya kwanza aliuliza kwenda nyumbani mara mbili. Wiki ya pili mara moja. Baada ya hapo ikaisha. Saa kumi ikifika anatoka nje, anatembea kwa terraces, anang'oa majani mabaya, anarudi.

Kufuli iko kwa droo mpaka wa leo.

Lakini sitawadanganya ati ni mbinguni. Natoka kwangu alfajiri, nafika kazini nikiwa nimeshachoka. Mvua ikinyesha, ile barabara ya kushuka kutoka kwetu ni sabuni. Isiponyesha, tanki inakauka na maji yanaletwa na punda. Network ni ya kusimama kwa jiwe fulani.

Na Nyambura alikuwa na upweke. Hajui Kikamba, hana customer, mimi siko mchana. Halafu kuku wa Mama Ndinda, ambaye ndiye jirani wetu wa karibu, wakamaliza sukuma wiki yote ya Nyambura. Akaenda kumwambia. Wakajibizana vizuri sana. Wiki mbili hakuna salamu.

Ile miezi mitatu ikabaki wiki chache. Nyambura alikuwa ashaanza kutoa nguo kwa kabati na kuzipanga kwa sanduku, pole pole, bila kusema.

Sasa mskize hii.

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua. Niko kazini, saa nane hivi. Simu ya Nyambura.

"Mama hayuko."

Alikuwa ameingia jikoni kutoa githeri kwa moto. Akitoka, kiti kiko tupu. Amezunguka nyumba, amezunguka choo, ameita. Na upande wa milima ya Iveti mawingu yalikuwa meusi.

Hapo chini kwetu kuna mto. Siku nyingi ni mchanga tu, unavuka na viatu. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja yote mara moja, na hayakupi notisi. Barabara inakatiza huo mto bila daraja. Na mama hupenda mito.

Nilimwendea supervisor nikamwambia mama yangu amepotea. Hata sikumaliza. "Enda," akasema. "Na uende na Musyoka, wewe huwezi endesha gari hivyo."

Kwa njia nilikuwa naona tu yale malori ya Mlolongo. Nilijiambia, Njoroge, umemtoa mama yako mahali palipofungwa ukamleta afe kwa mto kwa vile ulipenda view. Nilisema hivyo kwa sauti. Musyoka akaniambia ninyamaze, na akaongeza mwendo.

Huku nyuma Nyambura alifanya kitu kigumu. Alienda kwa Mama Ndinda.

Ananiambia alisimama kwa mlango hajui aanze wapi. Mama Ndinda alikuwa anapepeta mahindi. Nyambura akasema tu, "Cucu amepotea." Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, ndivyo yeye humwita mama.

Mama Ndinda hakuuliza chochote. Aliweka ungo chini, akatoka mpaka ukingoni, akaita kwa ile sauti yake. Jina moja, jina lingine. Ng'ambo ya bonde mtu akaitika. Ndani ya dakika kumi wanawake nane walikuwa wametoka kwa mashamba, wengine jembe bado kwa mkono. Akawagawanya. Wewe mtoni. Wewe njia ya kanisa. Wewe kwa kisima. Halafu akamgeukia Nyambura, "Wewe twende na mimi," akamshika mkono.

Mvua ikawakuta huko.

Sisi tulikuwa tunapita Machakos town simu ikalia. Ni Nyambura, na nyuma yake nasikia mvua kwa mabati na watu wanaongea.

"Amepatikana. Ako kwa factory ya kahawa. Ako sawa, hajanyeshewa. Lakini kuja, amekataa kutoka."

Hiyo factory ni ya kuletea kahawa kutoka kwa mashamba, iko kabla tu ya kufika mtoni. Ni mabati kuukuu na mizani ya kuning'iniza. Msimu wenyewe ulikuwa haujaanza, so hapo alikuwepo mlinzi peke yake, mzee wa makamo anaitwa Mutiso. Huyu Mutiso mimi nilikuwa nampita kila asubuhi na hajawahi kunijibu salamu. Nilikuwa namuona ana kiburi.

Tulifika tukashuka mbio. Nikaingia chini ya mabati, nikasimama.

Kulikuwa na laini.

Mama yangu alikuwa wa kwanza, kiondo kwa mkono, shuka ya Mutiso mabegani. Nyuma yake Mama Ndinda amelowa mpaka mifupa, ameshika beseni tupu. Nyuma ya Mama Ndinda wanawake wengine, kila mtu na kitu, huyu karai, huyu leso imefungwa fundo. Wa mwisho ni Nyambura, hana kitu, ameshika kiatu chake.

Wote wamepanga laini ya kupima kahawa ambayo haipo.

Nyambura akaninong'onezea. Mama alipita hapo akielekea mtoni. Mutiso hakumjua, lakini aliona mawingu na akaona kiondo. Akamwita, akamwambia laini ni ndefu leo, mama, akae kwa benchi angoje. Mama akakaa, saa nzima, kwa sababu mtu wa kahawa anajua kungoja laini. Wanawake walipofika kumchukua akakataa. Hajapimwa, ataenda aje? Basi Mama Ndinda akawaambia wenzake wapange nyuma yake.

Mutiso alikuwa amevaa koti lake la kazi, amefunga vifungo vyote. Akaita wa kwanza.

Mama akasonga. Mutiso akapokea kiondo kwa mikono miwili, akakining'iniza kwa mizani, akainama akaangalia mshale. Akakishusha, akaingiza mkono, akatoa kilichokuwa ndani kidogo kidogo akikiweka kwa kiganja. Majani ya avocado. Gunzi la mahindi. Kahawa mbivu tatu, sijui alizitoa wapi.

Aliziangalia zile tatu kwa muda.

Akasema kwa Kikamba, pole pole, kitu ambacho hata mimi nilielewa. Kahawa ni safi. Hakuna mbichi.

Mama akajiweka shuka vizuri mabegani. Akamjibu kwa Kikuyu, "Mimi siwezi leta mbichi."

"Ni kweli," Mutiso akasema, sasa kwa Kiswahili. "Wewe huwezi."

Mama akageuka, akaniona. Akanishika mkono. "Maina, twende. Tumemaliza."

Wakuu, mimi ni mtu wa kubeba mizigo. Sikuweza kubeba uso wangu. Nililia pale mbele ya wanawake nane na mlinzi, na hakuna mtu alinicheka. Tulikaa dakika chache mvua ipungue, halafu tukasikia mto. Maji yalikuwa yamefika, yanavuma. Mama Ndinda akafunga tu leso yake upya.

Tulipofika kwa nyumba Nyambura aliwatengenezea chai wote, sufuria kubwa. Wengine wakakaa juu ya sanduku lake la nguo kwa sababu viti havikutosha. Jumamosi alilifungua akarudisha nguo kwa kabati.

Jumapili nilimpelekea Mutiso sukari na unga. Nikamwambia asante. Akapokea, akaangalia pembeni.

"Huyu mama," akasema, "mlete Jumanne. Jumanne hapa hakuna mtu, mimi hukaa peke yangu."

Kumbe hakuwa na kiburi. Ni mtu wa aibu. Miezi yote nilimhukumu bure.

Basi Jumanne ikawa siku yao. Nyambura humpeleka baada ya uji, wanakaa kwa benchi, yeye Kikamba, mama Kikuyu, na hakuna anayeuliza maana. Msimu wa kahawa ulipoanza, Mama Ndinda akaanza kumchukua shambani kwake. Anachuma kikombe kimoja kwa asubuhi nzima, lakini zote mbivu.

Nyambura sasa ako na chumba sokoni Kathiani. Alianza na uniform za kwaya, wale wale wanawake wa laini ndio walimpatia kazi. Ameniambia nisiwahi kumkumbusha maneno ya mbuzi.

Irungu alikuja Disemba. Mama hakumtambua, lakini alimletea kiti na chai, akamwambia, "Karibu kwetu." Kaka yangu alikaa pale ukingoni mpaka saa kumi na mbili, anaangalia bonde. Alipoondoka akaniambia, "Umefanya vizuri." Sijui kama amewahi kuniambia hivyo tena maishani.

Sasa niseme nimejifunza nini, kwa yule member aliyeuliza.

Nilihamia huku kwa sababu ya macho. Milima ilifanana na ya utotoni mwa mama, na hiyo peke yake ilimpa utulivu ambao dawa hazikuwa zimempa. Sitadharau uzuri wa pahali tena. Lakini huo uzuri ungemuua ile Alhamisi kama hakungekuwa na watu wanaoweza kuacha jembe wakisikia wakiitwa. Ukitaka kuhama, angalia view, halafu angalia jirani. Na wewe pia uwe jirani, sisi tulichelewa kwa hilo. Salimia watu. Hata wale hawajibu.

Nunua tanki kubwa kuliko unavyofikiria. Usijenge uzio wa kuficha nyumba.

Mama anazidi kushuka, siwezi ficha. Mwezi huu ameanza kusahau kumeza, tunamkumbusha. Kama uko na mzazi wa hii hali, tafadhali niandikie hapo chini mnafanya aje na chakula, na mnafanya aje akikataa kuoga. Na kama unaishi pahali kama huku, Kola, Ndithini, popote, sema ukweli wako, mzuri au mbaya, watu wasaidike. Wa matani pia karibuni, lakini msome mpaka mwisho kwanza.

Naandika hii nikiwa nimesimama kwa jiwe la network. Kutoka hapa naona mama nje ya nyumba na Mama Ndinda, ungo kati yao, wanachambua maharagwe. Mmoja amesema kitu na wote wawili wamecheka mpaka ungo umemwagika.

Sijui wanacheka nini. Wacha niende niwasaidie kuokota.